Imani peke yake, au mpaka ubatizwe? Ulinganisho kwa anayetaka kuamua

Mlinzi wa gereza la Filipi aliuliza usiku wa manane afanye nini apate kuokoka. Paulo na Sila wakamjibu, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Mhubiri wa imani peke yake hufunga Biblia hapo, kwenye Matendo 16:31. Mhubiri wa ubatizo hukimbilia mstari wa 33, ambapo mtu huyo anabatizwa saa ileile ya usiku, yeye na watu wake wote. Wote wawili wamesoma kilichoandikwa. Kosa huanza pale kila mmoja anapohubiri kana kwamba mstari wa mwenzake haupo.

Nimeona waumini waaminifu wakikosa amani kwa sababu ya ubishi huu, na wengine wakihama kanisa mara mbili, mara tatu, wakitafuta uhakika. Kwa ajili yao naweka pande hizi pamoja. Nitasema pia ninaposimama mimi, maana kwenye jambo la wokovu sioni faida ya mwandishi kujificha.

Kwanza, kuna swali ambalo watu wengi hulipita: pale majini, nani anayetenda? Ukisema anayetenda ni mtu, kwamba anatii na kutoa ushuhuda mbele ya watu, basi ubatizo ni tendo la mwanadamu, na ukiufanya kuwa sharti umeongeza tendo juu ya neema. Ukisema anayetenda ni Mungu, na mkono wa mchungaji ni chombo tu, basi kusema "ubatizo unaokoa" ni kusema Mungu anaokoa. Wachungaji wengi hupenda kufananisha ubatizo na ndoa. Kwa upande mmoja ubatizo ni pete: inaonyesha kuwa umeoa, lakini hukuoa kwa sababu ya pete. Kwa upande wa pili ubatizo ni harusi yenyewe. Jiulize unaamini lipi kati ya hayo kabla hujafungua mstari hata mmoja.

Wanaosema imani peke yake

Hapa utawakuta Wabaptisti, Africa Inland Church, Tanzania Assemblies of God na makanisa mengi ya Kipentekoste. Kwao mtu anaokoka anapotubu na kumwamini Kristo. Ubatizo wa maji mengi unafuata, ni agizo la Bwana, lakini hauongezi kitu kwenye wokovu aliokwisha kuupata.

Mistari yao mnaijua: Waefeso 2:8-9, Warumi 10:9. Kwa maoni yangu, hata hivyo, nguvu yao kubwa iko Warumi 4. Pale Paulo anasema Ibrahimu alihesabiwa haki kabla hajatahiriwa, na tohara ikaja baadaye kama muhuri wa imani aliyokuwa nayo tayari. Hoja nzima ya sura ile inasimama juu ya kipi kilitangulia. Ukija kwa Kornelio, yule akida wa Kirumi, Matendo 10, unakuta mpangilio uleule: Petro bado anahubiri, Roho Mtakatifu anawashukia watu wa Mataifa, ndipo Petro anauliza, "Ni nani awezaye kukataza maji, hawa wasibatizwe?" Walimpokea Roho wakiwa bado wakavu.

Mwizi msalabani hutajwa sana, lakini si hoja imara kama watu wanavyodhani. Upande wa pili unajibu, kwa haki kabisa, kwamba alikufa kabla Yesu hajatoa agizo la kubatiza mataifa yote katika Mathayo 28. Jibu hilo linamhusu mwizi. Kornelio halimgusi.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya pekee ya kuusikia upande huu. Miaka ya 1930, kutoka Gahini nchini Rwanda, uamsho ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika. Makanisa yalikuwa yamejaa watu waliobatizwa, wenye majina ya Kikristo na vyeti mkononi, na maisha yao ni yaleyale ya zamani. Daktari Joe Church, Simeoni Nsibambi na wenzao wakaanza kuwauliza watu hao, wakiwemo wachungaji, kama wameokoka. Swali hilo liliudhi. Mwaka 1941 wanafunzi wa uchungaji, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa chuoni Mukono, Uganda. Lakini walokole wengi hawakuliacha kanisa la Kianglikana wala hawakufundisha kwamba ubatizo hauna maana. Walisema ubatizo bila toba haumfikishi mtu popote, na mimi naamini walisema kweli.

Udhaifu wa upande huu hauko sana kwenye mafundisho. Uko kwenye desturi. Siku ya Pentekoste watu walipochomwa mioyo na kuuliza watende nini, Petro hakuwaambia wafumbe macho na kurudia maneno baada yake. Alisema, "Tubuni mkabatizwe kila mmoja kwa jina lake Yesu Kristo, mpate ondoleo la dhambi zenu." Kwenye mikutano yetu ya injili, sala ya toba imekalia kiti ambacho mitume waliyapa maji. Mtu anaongozwa sala, anaandikwa jina, kisha miezi inapita. Matokeo yake yanaonekana: wapo wanaokwenda mbele kila mkutano mpya unapofika mjini, kwa sababu hawana hakika kama mara ile ya kwanza walimaanisha. Wokovu wao wameutundika kwenye hisia za jioni moja.

Wanaosema maji ni ya lazima

Usiwaweke wote kwenye chumba kimoja. Kuna nyumba mbili zisizofanana kabisa.

Ya kwanza ni Wakatoliki na Waorthodoksi. Kwao anayetenda ni Mungu, ndiyo maana wanabatiza watoto wachanga ambao hawawezi kufanya lolote. Yohana 3:5 ndio msingi: "Mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, hawezi kuuingia ufalme wa Mungu." Tito 3:5 unaongeza kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, Machi 1547, ulimlaani yeyote anayesema ubatizo ni wa hiari na si lazima kwa wokovu. Watu wengi huishia hapo wakidhani wamelielewa fundisho la Katoliki. Ila Mtaguso huohuo, Januari ya mwaka huohuo, ulikuwa umesema mtu hufikia hali ya neema kwa kuoshwa huko au kwa hamu ya kukupata. Wazo hilo ni la kale sana. Mwaka 392 Kaisari Valentiniano wa Pili alikufa akiwa bado mkatekumeni, yaani mwanafunzi anayejiandaa kubatizwa, akiwa amemwita Askofu Ambrosi wa Milano aje kumbatiza. Katika hotuba ya mazishi Ambrosi alisema kijana huyo alikipata alichokuwa amekiomba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaliweka hivi katika namba 1257: Mungu ameufunga wokovu kwenye sakramenti ya Ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake.

Ukitaka kuona fundisho hilo likiishi, nenda Munyonyo, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, Mei 1886. Vijana wa nyumba ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walijua kinachowangoja. Baadhi walikuwa bado wakatekumeni, na Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie walikuwa na utaratibu wa kumfundisha mtu kwa miaka minne kabla ya kumbatiza. Usiku ule miaka hiyo haikuwepo. Charles Lwanga, ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba iliyotangulia, aliwabatiza wenzake kadhaa, akiwemo Kizito, mdogo kuliko wote. Juni 3 walichomwa moto Namugongo.

Kanisa lao lilikuwa limefundisha tangu karne za mwanzo kwamba anayekufa kwa ajili ya Kristo kabla ya kubatizwa anabatizwa katika damu yake. Hakuna ambaye angesema Kizito amepotea kwa kukosa maji. Hata hivyo maji yalitakiwa, na yakatolewa na mlei usiku wa hatari. Mimi nasoma hapo jambo ambalo pande zote mbili zinalihitaji: anayempenda Kristo haulizi kama anaweza kuokoka bila kubatizwa. Anauliza maji yako wapi. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki mwaka 1964, aliwakumbuka pia Waanglikana waliouawa kwa ajili ya jina la Kristo.

Nyumba ya pili ni Kanisa la Kristo, lenye mizizi katika vuguvugu la Alexander Campbell huko Marekani karne ya 19, pamoja na makanisa ya Kipentekoste yanayobatiza kwa jina la Yesu peke yake. Hawa hawabatizi watoto wachanga. Kanisa la Kristo linafundisha mlolongo: kusikia, kuamini, kutubu, kukiri, kubatizwa kwa kuzamishwa, dhambi zinaondolewa pale kwenye maji, si kabla. Wale wa jina la Yesu wanaongeza kunena kwa lugha kama ishara ya kumpokea Roho, na wanakataa fundisho la Utatu. Aliyebatizwa kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu atatakiwa kubatizwa upya.

Andiko lao zito kuliko yote, nionavyo mimi, ni Matendo 22:16. Sauli amemwona Bwana njiani kwenda Dameski. Amefunga siku tatu, ameomba. Kwa kipimo cha mkutano wa injili huyu ameshaokoka, tena kwa kishindo. Bado Anania anamwambia, "Simama, ubatizwe ukaoshe dhambi zako, ukiliitia jina lake." Sijasikia kutoka upande wa imani peke yake maelezo ya mstari huo yanayotosheleza kabisa.

Lakini nyumba hii ya pili inabeba mzigo ambao ya kwanza haina. Wengi wao hawakubali ubatizo wa hamu. Mtu aliyeamini kwa moyo wote akafa ajalini njiani kuelekea mtoni, wanabaki ama kusema amepotea, ama kunyamaza na kumwachia Mungu. Na Kornelio anawasumbua. Zaidi ya hapo, wakisema ubatizo ni utii wa mtu na papo hapo ni sharti la kusamehewa, lile swali la nani anatenda majini linawarudia, na Waefeso 2:9 linasubiri jibu.

Luther, aliyekataa kuchagua

Wengi wanaotumia maneno "imani peke yake" wanashangaa wakisoma alichoandika Martin Luther mwenyewe kuhusu ubatizo. Katekisimu Ndogo ya 1529, ambayo watoto wa kipaimara wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) wanaisoma Bukoba, Moshi na Iringa, inasema ubatizo huleta ondoleo la dhambi, hukomboa kutoka mauti na Shetani, na huwapa wokovu wa milele wote wanaoamini. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, linafundisha katika ibara ya 4 kwamba tunahesabiwa haki kwa imani, kisha katika ibara ya 9 kwamba ubatizo ni wa lazima kwa wokovu. Walioliandika hawakuona mgongano.

Kwa Luther imani lazima iwe na kitu cha kushika, na kitu hicho ni ahadi ya Mungu. Ubatizo ni ahadi hiyo ikiwa imemwagwa juu ya kichwa chako wewe, kwa jina lako. Imani inapokea, maji na Neno vinatoa. Ndiyo maana katika Katekisimu Kubwa alishauri kwamba dhamiri inapokulemea kwa dhambi zako, ujibu: hata hivyo nimebatizwa, na kwa kuwa nimebatizwa nimeahidiwa kuokolewa. Angalia alikoelekeza jicho. Hakumrudisha mtu ajipime upya kama aliamini vizuri. Alimpeleka kwenye jambo ambalo Mungu alilitenda, lenye tarehe na mashahidi.

Papo hapo Luther alishika msemo wa wanateolojia wa kale kwamba kinachomhukumu mtu ni kuudharau ubatizo, si kuukosa. Wapresbiteri wana lugha iliyo karibu na hiyo. Ungamo la Westminster la 1646 linasema kuupuuza ubatizo ni dhambi kubwa, lakini wokovu haujafungamana nao kiasi kwamba asiyebatizwa hawezi kuokolewa, wala kwamba kila aliyebatizwa amezaliwa upya kwa hakika. Na tarehe 31 Oktoba 1999, Walutheri na Wakatoliki walipotia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki mjini Augsburg, walikiri pamoja kwamba mwenye dhambi anahesabiwa haki kwa imani, na kwamba Roho Mtakatifu humpa zawadi ya wokovu katika ubatizo.

Wasiotumia maji

Kenya ina Marafiki (Quakers) wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, tangu wamisionari wa Kimarekani walipofika Kaimosi mwaka 1902. Marafiki hawabatizi kwa maji. Kwao ubatizo wa kweli ni wa Roho. Jeshi la Wokovu nalo liliacha sakramenti mwaka 1883, enzi za William Booth. Nadhani wanakosea, maana agizo la Mathayo 28:19 liko wazi. Lakini anayesema hakuna wokovu bila maji, amtazame bibi wa Vihiga aliyeomba na kusamehe na kulea yatima maisha yake yote katika mkutano wa Marafiki, kisha amwambie usoni kwamba Kristo hamjui. Mimi sithubutu.

Mistari miwili ya kusoma mpaka mwisho

Marko 16:16: "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Nusu ya kwanza inaunganisha mambo mawili, nusu ya pili inataja moja. Zaidi ya hayo, nakala mbili za kale zenye heshima kubwa, Sinaitiko na Vatikano za karne ya 4, zinaishia mstari wa 8 wa sura ile. Usijenge imani yako yote hapo, uwe upande wowote.

1 Petro 3:21 unasema waziwazi kwamba ubatizo unawaokoa ninyi. Wa imani peke yake hupita hapo kwa haraka. Wa maji nao husimama kabla ya maneno yanayofuata, ambapo Petro anaeleza kuwa si kuondoa uchafu wa mwili bali ni jibu la dhamiri safi mbele za Mungu, kwa kufufuka kwake Yesu Kristo. Mstari huo peke yake ungetosha kuwapatanisha wengi kama ungesomwa wote.

Unapofika kuamua

Nasimama karibu na Luther. Naamini Mungu ndiye anayetenda majini, kwamba imani ndiyo inayopokea, na kwamba sharti la maji linatufunga sisi bila kumfunga yeye. Lakini hata usipokubaliana nami, kuna mambo ya vitendo ya kupima.

Kama ulibatizwa mchanga kwa maji na kwa jina la Utatu na sasa umeamini kwa moyo, sioni sababu ya kurudia. Katoliki, Anglikana, KKKT, Moravian na Presbiteri hawatakubatiza tena. Ukiingia kwa Wabaptisti au Wapentekoste utazamishwa, kwa sababu kwao ile ya kwanza haikuwa ubatizo. Fahamu kwamba ukikubali, unakiri pia kuwa Mungu hakufanya lolote siku ile wazazi wako walipokubeba. Kama kweli unaamini hivyo, zama kwa dhamiri safi. Kama unazama ili tu usitengwe na wenzako, subiri.

Kama mtoto wako yuko mahututi na kanisa lako linabatiza watoto, usingoje padre au mchungaji afike. Mtu yeyote anaweza kumbatiza katika hatari ya kifo: mmiminie maji kichwani ukisema jina lake, kisha "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kwa Wakatoliki hata muuguzi asiye Mkristo anaweza, mradi anakusudia kufanya linalofanywa na Kanisa. Toa taarifa parokiani baadaye. Na kama mtoto ametangulia kabla ya maji, usimruhusu mtu yeyote akwambie kwamba amepotea. Kalvini alikataa jambo hilo katika karne ya 16, na tume ya wanateolojia ya Vatikano ilieleza mwaka 2007 kwamba zipo sababu za kutumaini wokovu wa watoto hao.

Kama umeamini ukiwa mtu mzima na hujawahi kubatizwa, hapa makanisa karibu yote yaliyotajwa yanakubaliana kuliko yanavyodhani. Yule towashi Mkushi wa Matendo 8 alisema, "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" na gari likasimamishwa. Muulize mchungaji au katekista mambo matatu: mafundisho yanachukua muda gani, ubatizo ujao ni lini, na wao wanaamini Mungu anafanya nini pale majini. Kwa Wakatoliki mafundisho yanaweza kuchukua mwaka au zaidi mpaka mkesha wa Pasaka, na katika kungoja huko wanakuhesabu kuwa wao tayari. Kwingine ni wiki chache. Akishindwa kukujibu lile la tatu, mwombe akutafutie anayeweza, kisha uandikishe jina lako.